Kilimia na ukungu wake wa buluu: jinsi ya kukipiga picha ukiwa karibu na Ikweta

Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ndivyo wazee wetu walivyokisoma kishada hiki cha nyota. Walikiona kikizama magharibi baada ya machweo karibu na mwisho wa Aprili, kikajificha nyuma ya jua wiki kadhaa, kisha kikachomoza alfajiri mwezi Juni. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima. Wanaanga wanakiita Pleiades au M45, Waarabu Thuraya, na Wajapani Subaru: zile nyota sita kwenye pua ya gari ndizo hizi.

Nyota zake hazina shida. Simu yenye uwezo wa kupiga usiku, ikiegemezwa kwenye tofali, itakuonyesha sita au saba. Kazi iko kwenye ukungu wa buluu unaozizunguka, ambao jicho halioni na ambao kamera huutoa pole pole ukiipa muda. Mwongozo huu ni wa ukungu huo. Umeandikwa na mtu anayepigia picha nje kidogo ya Dodoma, kwa sababu miongozo mingi iliyopo imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kuna mahali inakupoteza kabisa ukiwa huku kwetu.

Jua kwanza unapiga nini

Nyota angavu za Kilimia ni changa, zina umri wa takriban miaka milioni 100, na ni za moto sana, ndiyo maana mwanga wake umeegemea buluu. Ziko mbali kiasi cha miaka-nuru 440 hivi. Mwanga utakaoingia kwenye kamera yako uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593.

Zamani ilidhaniwa kwamba ukungu ule ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota hizo. Sivyo. Kishada kinapita tu ndani ya wingu la vumbi ambalo si la kwake, kama basi la usiku linavyopita kwenye vumbi la barabara ya changarawe huku taa zikilimulika. Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa Lowell Observatory kule Arizona, aliuchambua mwanga wa ukungu ulio karibu na nyota Merope akakuta ni sawasawa na mwanga wa nyota zenyewe. Vumbi halitoi mwanga wake, linaakisi wa jirani.

Jambo hilo linakuokolea pesa mara mbili. Kwanza, huhitaji kuifungua kamera. Kwa nebula (mawingu ya angani) nyekundu za haidrojeni watu huondoa kioo kinachozuia wekundu mbele ya sensa, kile kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera. Kwa Kilimia kamera ya kawaida, hata ya mtumba, inaona buluu vizuri kama ilivyotoka kiwandani. Pili, usinunue vichujio vya gharama vinavyopitisha rangi moja moja. Vinafaa kwa gesi inayowaka kwa rangi maalumu. Mwanga wa Kilimia ni mwanga wa nyota wenye rangi zote, na ukiuchuja namna hiyo unaitupa picha yenyewe. Kichujio pekee kinachofaa hapa ni giza la shamba.

Lini

Kilimia hufika juu kabisa saa sita usiku karibu na tarehe 20 Novemba. Kila siku huwahi kwa dakika nne, yaani saa mbili kwa mwezi. Kwa hiyo karibu na tarehe 20 Oktoba kitakuwa juu saa nane usiku, tarehe 20 Desemba saa nne usiku, na tarehe 20 Januari saa mbili usiku. Ukiwa Dodoma au Dar es Salaam geukia kaskazini: kitapanda hadi nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Nairobi kinapanda zaidi kidogo, kama 65.

Sasa panga na mvua. Kanda ya kati mvua huanza karibu na Desemba, kwa hiyo sisi tunapiga Septemba hadi Novemba, na tunalipa kwa kukesha. Pwani na kaskazini kuna vuli mwishoni mwa mwaka, na watu wa huko hungojea Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ambapo Kilimia kiko juu mapema na unaweza kulala kama binadamu.

Mwezi ni adui mkubwa kuliko mawingu, kwani mawingu angalau huyaonei tamaa. Njia yake inapita karibu kabisa na Kilimia kila mwezi, na mbalamwezi ya Novemba hukaa jirani yake usiku kucha. Njia rahisi ya kupanga ni kalenda ya Hijria: siku tano za mwisho wa mwezi na tatu au nne za mwanzo ndizo zako.

Wapi, na nani aambiwe

Toka mjini. Kilomita 30 au 40 kutoka kwenye taa nyingi, na mji ukiwa kusini mwako, kwa kuwa utakuwa ukitazama kaskazini. Kipimo changu: nikizoea giza dakika 20 na Njia ya Maziwa ikaonekana wazi ikiwa juu, nashusha vifaa. Isipoonekana naendelea kuendesha.

Kabla ya hapo nenda mchana ukamwone mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji. Mtu anayesimama porini saa saba usiku na taa nyekundu na chombo kinachotoa milio midogo, hana maelezo mazuri ya kutoa akikutwa na sungusungu. Mimi nilikaa nusu saa nikionyesha watu picha za mwezi kwenye skrini ya kamera hadi wakaniamini, na usiku ule sikupiga chochote cha maana. Siku hizi naomba kijana mmoja wa pale pale akae nami. Anajua pia fisi wanapitia wapi.

Vifaa

Kamera yoyote inayobadilishwa lenzi na kuhifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichonaswa na sensa. JPEG haifai kwa kazi hii, inatupa ile tofauti ndogo ya mwanga tunayoitafuta. Lenzi ya milimita 50 hadi 300. Kilimia pamoja na ukungu wake kina upana wa nyuzi 2 hivi, kama mbalamwezi nne zikipangwa mstari. Kwenye kamera ya sensa ndogo, lenzi ya milimita 200 inakupa fremu ya nyuzi 6 kwa 4, nafasi ya kutosha kwa kishada na vumbi la pembeni. Nikiambiwa nichague moja nitachukua milimita 135 yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga, f/2 au f/2.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kuliko darubini.

Stendi imara ya miguu mitatu, rimoti ya kupiga picha kwa vipindi, betri mbili, na taa uliyoifunika kwa nailoni nyekundu. Dawa ya mbu jipake kabla ya kugusa kamera, kisha nawa mikono. Nyingine zinayeyusha plastiki na zote zinaacha alama kwenye lenzi.

Kisha kuna mashine ndogo inayoizungusha kamera kwa kasi ya anga, ambayo wapiga picha huiita traka. Inawezekana kufanya bila hiyo, lakini ujue hesabu. Anga huzunguka sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa; sekunde ya tao ni nyuzi moja ikigawanywa mara 3,600. Pale Kilimia kilipo ni kama 13.7. Kwa kamera ya kawaida ya sensa ndogo, lenzi ya milimita 50 huona takriban sekunde 18 za tao kwa kila pikseli, basi picha ya sekunde 2 itavuta nyota pikseli moja na nusu. Inavumilika. Kwa milimita 135 nyota inahama pikseli mbili kila sekunde moja, na kwa 200 inahama tatu. Kwa hiyo asiye na traka atumie 50 au 85, tundu wazi, sekunde 1 au 2, na apige picha elfu moja au zaidi, akirekebisha fremu kila baada ya dakika chache. Utapata rangi ya nyota na dalili ya ukungu wa Merope. Usitegemee zaidi ya hapo.

Kulenga ncha: hapa ndipo tunapopotezwa

Traka hufanya kazi ikiwa mhimili wake umelenga ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Mzungu anaambiwa: tafuta nyota Polaris kwenye tundu la kulengea, umemaliza. Sisi tulio kusini ya Ikweta hatuioni Polaris. Ncha yetu ni ya kusini, na urefu wake juu ya upeo ni sawa na latitudo yako: Dodoma nyuzi 6, Mombasa 4, Nairobi nyuzi moja na kidogo. Nyota ya kulengea ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwenye anga safi, na ikiwa chini hivyo imezama kwenye vumbi na moshi wa upeo. Tundu la kulengea litie kifuniko, usilihangaikie.

Fanya hivi.

1. Weka swichi ya traka kwenye S, yaani kusini. Naandika hili la kwanza kwa sababu niliwahi kupiga saa mbili nzima ikiwa kwenye N, ya kaskazini, traka ikienda kinyume, na kila nyota ikatoka kama tambi. Mtu wa Kampala, aliye kaskazini ya Ikweta kwa theluthi ya nyuzi, aweke N na alenge kaskazini.

2. Sawazisha stendi, kisha elekeza mhimili kusini kwa dira ya simu, ukiishika simu mbali na chuma. Tofauti ya kusini ya dira na kusini halisi nchini Tanzania ni ndogo, nyuzi chache tu, na tutairekebisha.

3. Weka mwinamo. Laza simu yenye programu ya kupimia mwinamo juu ya mwili wa traka, sambamba na mhimili, mpaka isome nyuzi za latitudo yako. Hapa utakutana na tatizo: vishikio vingi vya traka vimetengenezwa kwa watu wa latitudo 40 au 50 na vinagoma kushuka chini ya 10 au 15. Usivunje skrubu. Fupisha mguu wa stendi ulio upande wa kusini hadi mashine nzima iiname na simu isome 6. Angalia pia nondo ya uzito, maana mhimili ukilala hivi hupenda kugonga mguu wa stendi katikati ya usiku.

4. Sahihisha kwa nyota. Hapa Ikweta inatupa zawadi, kwa kuwa nyota zilizo karibu na utosi wetu ndizo pia zilizo karibu na ikweta ya anga, ule mstari ulio juu ya Ikweta ya dunia. Lenga nyota iliyo karibu na utosi, piga picha ya dakika mbili. Ikiwa inahama kuelekea kaskazini au kusini ndani ya fremu, geuza traka kidogo kushoto au kulia, rudia. Kuhama kukizidi, ulikosea upande, kukipungua, endelea. Kisha lenga nyota iliyoko mashariki, nyuzi 20 au 30 juu ya upeo. Mkanda wa Orion unafaa mno mwezi Novemba, kwani Mintaka, nyota yake ya juu, iko karibu kabisa na ikweta ya anga. Safari hii ukiona kuhama, badilisha mwinamo badala ya kugeuza. Rudia mara mbili tatu.

Unahitaji usahihi kiasi gani? Ukikosea nusu nyuzi, kwa picha ya sekunde 60 nyota itahama si zaidi ya sekunde 8 za tao. Kwenye lenzi ya 135 hiyo ni pikseli moja na ushei. Kwa hiyo wa 135 atosheke na sekunde 60, wa 200 asahihishe zaidi au ashuke hadi 30. Mwenye laptopu anaweza kutumia programu ya bure ya NINA na nyongeza yake ya kulenga ncha kwa nukta tatu; haihitaji kuiona ncha, inasoma sehemu yoyote ya anga na kukuambia ugeuze wapi.

Fokasi

Zima fokasi ya kujiendesha. Lenga Alcyone, nyota angavu kuliko zote za Kilimia, kuza skrini hadi mara 10, zungusha pete taratibu hadi nyota iwe kidoa kidogo kuliko vyote, kisha ifunge kwa selotepu. Unaweza kukata kinyago cha Bahtinov kwenye karatasi ya manila: kina mifereji inayochora mistari mitatu kwenye nyota, na mstari wa kati ukikaa katikati kabisa umefika. Kitoe kabla ya kuanza kupiga. Nacheka nikiandika, lakini kitoe.

Rudi uangalie fokasi kila saa moja. Usiku ukipoa lenzi hujikunja kidogo na nyota zinavimba bila kukuaga.

Kupiga

Anza na ISO (kiwango cha kukuza mwanga) 1600, f/2.8, sekunde 60. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera: kilima chake kiwe robo hadi theluthi ya njia kutoka kushoto. Kikiwa kimeegemea ukuta wa kushoto ongeza muda; kikiwa katikati anga lako lina mwanga mwingi, punguza. Nyota kubwa zitaungua ziwe nyeupe katikati. Ziache.

Idadi ndiyo kila kitu. Chenga za picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: ili zipungue nusu unahitaji picha mara nne. Chini ya giza zuri, saa moja kwa f/2.8 itakuonyesha ukungu wa Merope ukiwa na nyuzinyuzi zake. Saa tatu au nne na ukungu wa Alcyone na wa Maia, nyota nyingine ya Kilimia, unaungana nao. Vumbi la kahawia la mbali zaidi linadai usiku mbili tatu. Kila baada ya picha kumi hivi sogeza fremu kidogo sana upande wowote, ili kasoro za sensa zisianguke mahali pamoja.

Pwani, umande utakumaliza kabla ya saa sita. Zungushia lenzi bomba la manila au kipande cha mkeka wa mazoezi, na ukiweza mkanda wa joto wa USB. Usifute lenzi kwa shati.

Kabla ya kufungasha, piga picha za kusahihishia. Za giza: kifuniko kikiwa kimewekwa, muda na ISO vile vile, kama 20, palepale kwenye baridi ile ile. Za mwanga sawia: vuta fulana nyeupe juu ya lenzi, elekeza anga la alfajiri, fokasi na tundu visiguswe, histogramu katikati, 20 tena. Na za kasi ya juu kabisa ya kamera kifuniko kikiwepo, kama 30. Wengi huruka za mwanga sawia kwa uchovu. Kisha wanashangaa pembe za picha kuwa nyeusi na vidoa vya vumbi la sensa kuonekana kama nebula mpya.

Nyumbani

Siril, programu ya kuchakata picha za anga, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Tengeneza folda nne uzipe majina inayotaka: lights (picha za Kilimia), darks (za giza), flats (za mwanga sawia), biases (za kasi ya juu kabisa). Endesha skripti ya kamera ya rangi, itasahihisha, itapanga nyota juu ya nyota na kurundika picha zote kuwa moja. Mistari ya setilaiti huondolewa hapo hapo, kwa kuwa kila mstari umo kwenye picha moja tu.

Picha itakayotoka itakuwa nyeusi. Usikate tamaa, mwanga umo ndani. Kata kingo, kisha ondoa mteremko wa mwanga wa mji, na hapa nenda polepole kuliko popote. Programu haijui tofauti ya mwanga wa mji na vumbi la Kilimia. Ukiipa uhuru itafuta vyote na kukuachia nyota kwenye lami. Chagua mteremko wa digrii ya kwanza na usiweke nukta yoyote ya kupimia karibu na kishada.

Sawazisha rangi kwa kutumia orodha ya nyota inayotumiwa na Siril, kisha inua mwanga kwa hatua ndogo ndogo. Mkunjo wa asinh, njia mojawapo ya kuinua mwanga ndani ya Siril, hulinda rangi za nyota. Ukitaka, tenganisha nyota na ukungu kwa programu ya StarNet, uinue ukungu peke yake, urudishe nyota zikiwa ndogo. Mimi huzirudisha karibu zote: Kilimia bila mng'ao wa nyota zake ni moshi wa jikoni.

Jihadhari na kitufe cha rangi. Buluu ya kweli ya ukungu huu ni ya maziwa, si ya wino. Na ukiona pete kamili ya duara kuizunguka Alcyone, huo ni mwakisiko ndani ya lenzi. Vumbi halichori duara, linachora nyuzi. Za Merope zinaonekana kama pamba iliyochanwa. Wilhelm Tempel aliuona ukungu huo kwa jicho kwenye darubini ndogo akiwa Venice mwaka 1859. Ule wa Maia ulingoja hadi 1885, ndugu Paul na Prosper Henry walipoupata Paris kwenye kioo cha picha.

Hifadhi RAW zote, pamoja na za kusahihishia. Msimu ujao, kwa lenzi ile ile, saa utakazoongeza zitarundikwa juu ya za mwaka huu. Yangu ina saa saba na dakika arobaini za misimu miwili, na upande wa magharibi wa Merope ndio kwanza vumbi la kahawia linaanza kujitokeza.